Somo: Zuumu ya kampuni mama au ya Sigma na Tamron? Namna ya kuamua kabla hujatoa hela

Habari zenu wakuu. Kila nikishusha begi ukumbini, lazima kijana mmoja anisogelee: "Kaka, nimechoka na hii lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Nijibane ninunue zuumu ya Sony yenyewe, au Tamron inatosha?" Leo najibu kwa kirefu. Zuumu, kwa asiyejua, ni lenzi unayoweza kuivuta ilete vitu karibu au mbali.

Kampuni mama ni iliyotengeneza kamera yako: Canon, Nikon, Sony. Kampuni huru ni zinazotengeneza lenzi za kamera za wenzao, na kwenye zuumu majina makubwa ni Sigma na Tamron, zote za Japani. Nalisema mapema kwa sababu madukani bado kuna watu wanaziita feki. Sigma inatengeneza lenzi zake Aizu, huko huko Japani, na Sony ni mmoja wa wanahisa wakubwa wa Tamron.

Msimamo wangu: chukua ya kampuni huru kama kikomo chake hakigusi kazi yako, na chenji inayobaki inunulie flashi na betri. Kikigusa kazi yako, jibane.

Hatua ya 1: Soma picha zako mwenyewe

Fungua folda za kazi tatu za mwisho, angalia taarifa za kila picha: milimita ngapi (namba ndogo inaona kwa upana, kubwa inavuta mbali), tundu gani (ile f: namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Nilipofanya hivyo kwa harusi zangu nilikuta nyingi ziko kati ya 35 na 70. Ile 24 niliigusa tu nikiwa nimebanwa ukutani. Hapo Tamron 28-75mm f/2.8 ilijichagua yenyewe. Ila kama unapiga vyumba vya hoteli, 28 itakutesa, maana zile milimita nne za upande mpana ni kabati zima linalobaki nje ya picha.

Kuhusu f/2.8: ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho inashuka f/5.6, yaani robo ya mwanga wa f/2.8. Ukumbi uliokulazimisha ISO 6400 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga, ukiupandisha chengachenga zinaongezeka) utaupiga kwa ISO 1600, kasi ya shata ile ile. Mtazame bibi harusi chini ya taa za zambarau: chengachenga kwenye shela zinaondoka, nyuzi zinaanza kuhesabika.

Hatua ya 2: Mdomo wa kamera

Mdomo ni pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, na kila kampuni ina wake. Sony iliwafungulia wengine taarifa za msingi za mdomo wake wa E mwaka 2011, ndiyo maana wenye Sony wana uchaguzi mpana. Sigma, Panasonic na Leica wana mdomo wa pamoja wa L tangu 2018. Mdomo wa RF, ule wa kamera za Canon EOS R, ulibana mlango kwa muda mrefu. Mwaka 2024 Sigma na Tamron ziliruhusiwa, zikianza na zuumu za kamera zenye kihisi kidogo (kihisi ni kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera). Usinunue kwa kusikia kwamba "Sigma inaingia Canon". Uliza inaingia mdomo upi.

Hatua ya 3: Kikomo kiko wapi?

Kwenye kamera za Sony, lenzi za kampuni huru zinaishia picha 15 kwa sekunde. Kamera ya a7 III au a7 IV mwisho wake ni picha 10, kwa hiyo mpiga harusi hatakiona kikomo hicho maisha yake yote. Mpiga mpira mwenye a1, inayofika picha 30, atakiona siku ya kwanza.

Kwa wenye Canon wanaotumia lenzi za Sigma za mdomo wa EF, ule wa zamani wa Canon: zima masahihisho ya lenzi ndani ya kamera. Baadhi ya lenzi zikitumiwa na masahihisho hayo yakiwa yamewashwa, hutokea miduara ya ajabu kwenye picha, na mtu anadhani lenzi ni mbovu.

Hatua ya 4: Bei na uzito

Sony 24-70mm f/2.8 GM ilipotoka 2016 iliuzwa karibu dola 2,200, uzito gramu 886. Tamron 28-75mm ya 2018 ilitoka kwa dola 799, gramu 550. Bei zimebadilika sana tangu hapo, lakini begani, saa sita usiku, gramu ni zile zile.

Hatua ya 5: Ipime dukani, hata kama ni mpya

Hapa ndipo hela za watu zinapotea, za kampuni mama na za kampuni huru bila ubaguzi. Niliwahi kununua zuumu mpya ndani ya boksi, nikaenda nayo harusini bila kuipima. Picha ya ukoo, watu kumi na wanne: upande wa kulia unaona hadi kope, kushoto mashangazi watatu wametoka kama wamepigwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Kioo kimoja ndani ya lenzi kilikaa upande. Nilipogundua, watu walishatawanyika, na shangazi mkubwa ndiye aliyekuwa ametoka mbali kuliko wote. Bado inaniuma.

Kwa hiyo nenda na kamera yako na kadi yako. Tafuta ukuta wa matofali, au bandika gazeti ukutani. Simama sawa, usiukatize kwa pembe. Weka f/2.8, upande mpana kabisa, taima ya sekunde mbili ili mkono usitikise. Piga. Rudia ukiwa umevuta hadi mwisho. Kuza picha, linganisha kona nne. Kona kupoteza ukali kidogo ni kawaida, mradi zote zipungue sawasawa. Upande mmoja ukizidi, irudishe kaunta, omba nyingine.

Kisha fokasi karibu, mbali, karibu, mbali, mara kumi. Mwisho iinamishe lenzi, itikise taratibu, usikilize kama kuna kitu kinacheza.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Mombasa: Mkuu, nimepata ya mkononi, bei nzuri mno. Niangalie nini zaidi?*

Kuvu, ndugu yangu. Sisi wa pwani ndiyo adui yetu. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa mshazari. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache, hata ikiwa ya kampuni mama. Na yako ukishainunua usiilaze ndani ya begi lililolowa. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu.

*Mdau wa Arusha: Napeleka wageni Serengeti, natumia Sony. Sigma 150-600 au Sony 200-600?*

Hapa nakwenda na kampuni mama. Sony 200-600 hairefuki ukizuumu, kila kitu kinasogea ndani kwa ndani, na kwa vumbi la kule hiyo ni nafuu kubwa. Pia inapokea kiongeza umbali. Za kampuni huru kwa Sony hazipokei.

*Mdau wa Dodoma: Shikamoo kaka. Nina Canon EOS R, fulu fremu (yenye kihisi kikubwa). Ndiyo basi kwetu?*

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Chukua adapta ya Canon ya EF kwenda RF, kisha tafuta Sigma au Tamron za mdomo wa EF. Zipo nyingi za mkononi, na otofokasi inafanya kazi. Hatua ya 5 usiiruke.

*Mdau wa Kampala: Mimi napiga video zaidi, natumia a7 IV. Nitakosa nini nikichukua Tamron?*

Ukihamisha fokasi, picha hujivuta au kujirudisha kidogo, kama inapumua. Kamera yako ina mpangilio wa kuzuia hilo, ila unafanya kazi na lenzi za Sony tu, na si zote. Kwa mahojiano ya mtu aliyekaa hutaona shida. Kwa tangazo ambalo fokasi inatoka kwenye chupa kwenda kwenye uso, kodi lenzi ya Sony kwa siku hiyo.