Kuchagua na Kutunza Bunduki na Darubini za Kazi ya Usiku: Mwongozo kwa Mtu wa Pwani

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kazi ya kudhibiti mbweha usiku huanza na swali la bunduki gani ni nzuri, nami humjibu kwa kumwonyesha kipande cha mtutu ninachokiweka kwenye droo ya meza yangu hapa Mombasa. Kwa nje kinang'aa. Ukikielekeza dirishani na kuchungulia ndani, unaona vidoadoa vyeusi, mfano wa pilipili manga iliyomwagwa juu ya bati. Mtutu huo wa bunduki yangu ya shabaha haukufikisha risasi mia tatu. Ulilika kwa chumvi na unyevu msimu mmoja wa kusi, ukiwa ndani ya mkoba wa kitambaa katika ghala la silaha lenye kufuli mbili, mimi nikiwa ugenini nikiamini nimeuacha salama. Fundi mwenye leseni alipoubadilisha aliukata, akanipa kipande hicho. Kosa lilikuwa langu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu imetokana nalo.

Kabla ya hatua yoyote, sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaendelea kuukataza. Kwa hiyo bweha, binamu wa mbweha, anayeingia zizini Kwale au Taita ni wa kuripotiwa kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, wala si wa kupigwa na mwenye zizi. Ninayoyaeleza hapa kuhusu mbweha ni ya Uingereza na Wales, ambako nimefanya kazi kwenye mashamba ya kondoo misimu kadhaa ya kuzaa, mwezi wa tatu na wa nne, wakati mbweha mwekundu anapowanyemelea wanakondoo wa siku moja au mbili. Huko cheti cha silaha hutolewa na polisi, hudumu miaka 5, na mwombaji lazima aonyeshe sababu ya kweli ya kumiliki kila bunduki. Jambo jingine wageni hulikosea: mbweha huruhusiwa kupigwa usiku, lakini kulungu hapana. Sheria ya mwaka 1991 inakataza kumpiga kulungu kuanzia saa moja baada ya jua kuzama hadi saa moja kabla ya kuchomoza, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kumnyemelea kulungu, basi, ni kazi ya alfajiri na magharibi, na vifaa vyake si lazima vifanane na vya usiku wa manane.

Hatua ya kwanza: nunua macho kabla ya bunduki

Ukiwa na fedha za kugawanya, sehemu kubwa iende kwenye kuona. Kuna njia tatu. Ya kale ni kurunzi yenye kioo chekundu, ambayo huyafanya macho ya mnyama yang'ae. Ni rahisi, lakini mbweha aliyewahi kukoswa chini ya taa hujifunza haraka, na hukimbia mara tu mwanga unapogusa ua wa shamba. Ya pili ni darubini ya usiku ya kidijitali, inayotegemea taa ya infraredi. Taa yenye urefu wa wimbi wa nanomita 850 hufika mbali lakini huonyesha kijidoa chekundu ukiitazama moja kwa moja. Ya nanomita 940 haionekani, ila hufika karibu zaidi. Ya tatu ni darubini ya joto, ambayo haihitaji mwanga wowote kwa kuwa husoma joto la mwili wenyewe.

Darubini ya joto ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi, na hapa sharti uwe mkaidi. Tangazo hukuambia kwamba kifaa kinaona hadi mita elfu na mia nane. Huo ni umbali wa kugundua kwamba kipo kitu chenye joto, wala si wa kutambua ni kitu gani. Fanya hesabu mwenyewe: chukua ukubwa wa pikseli (nukta moja ya picha) ya kihisi, yaani kile kijibamba kinachopokea joto, ugawe kwa urefu wa fokasi ya lenzi, kisha uzidishe kwa umbali. Kihisi cha mikroni 12 chenye lenzi ya milimita 35 kina pikseli inayofunika sentimita 3.4 kwa mita 100, na sentimita 10 hivi kwa mita 300. Kiwiliwili cha mbweha, ukiacha mkia, kina urefu wa sentimita 70 kwa kukadiria. Kwa mita 100 unapata pikseli ishirini za kumchora mnyama huyo, na kwa mita 300 unapata saba. Kwa pikseli saba huwezi kumtofautisha mbweha na mbwa wa mchungaji, na muuzaji hatakuwapo shambani kukusaidia.

Pendekezo langu ni vifaa viwili: cha mkononi cha kusoma joto kwa ajili ya kutafuta, na darubini ya kidijitali juu ya bunduki kwa ajili ya kuthibitisha, kwa sababu ya pili huonyesha masikio, manyoya na uso, ilhali ya kwanza huonyesha umbo tu. Kutafuta kwa darubini iliyofungwa kwenye bunduki ni mwiko, kwa kuwa kila unachokitazama unakuwa umekielekezea mtutu.

Zoezi la kutambua umbo halihitaji bunduki wala mbweha. Mimi hukaa darini usiku hapa Mombasa na kifaa cha mkononi, nikiwatazama paka wa mtaani wakipita juu ya mabati, nikijilazimisha kutaja ni paka, panya buku au nguchiro aliyechelewa kurudi shimoni, kabla hajafika penye taa ya barabarani. Joto la usiku wetu hufifisha picha, kwa kuwa kuta zilizoota jua mchana kutwa hubaki na uvuguvugu hadi usiku wa manane. Anayeweza kutambua hapa hatapata taabu kwenye baridi ya Wales.

Hatua ya pili: bunduki yenyewe

Hapa sitakaa sana. Kwa mbweha pekee, bunduki ya risasi aina ya .223 Remington inatosha: risasi yake ya greni 55 (gramu 3.6 hivi) hutoka kwa kasi ya karibu mita 980 kwa sekunde, msukumo wake begani ni mdogo, na gharama yake inavumilika. Ukitaka bunduki moja itakayofaa pia kulungu wakubwa, sheria ya Uingereza na Wales inadai kipenyo cha risasi kisichopungua inchi .240 na nishati isiyopungua pauni-futi 1,700 (jouli 2,300 hivi), na ndiyo sababu wengi huishia kwenye .243 Winchester. Chagua mtutu mfupi kiasi, kwa kuwa kizuia sauti kitaongeza urefu mbele, na kitako cha sintetiki badala ya mbao. Mbao ni nzuri kutazama, lakini hunywa unyevu na kujikunja, na kitako kilichojikunja kikiugusa mtutu, risasi huhama bila wewe kugusa skrubu yoyote.

Hatua ya tatu: kufunga na kusawazisha

Futa mafuta yote kwenye nyuso zinazokutana, kisha kaza skrubu za pete zinazoishika darubini kidogo kidogo kwa kupishanisha, ukitumia bisibisi yenye kipimo cha kukazia. Pete nyingi hutaka takriban nyutoni-mita 2, ingawa kauli ya mwisho ni ya kijitabu cha mtengenezaji. Chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Skrubu ikilegea mstari unakatika, na unaliona kwa jicho. Rangi hiyo nilimwomba dada yangu baada ya usiku mmoja ambapo nilimkosa mbweha kwa mita 90, na asubuhi yake nikakuta kwenye karatasi ya shabaha kwamba risasi zangu zilikuwa zinakwenda sentimita 12 kushoto.

Sawazisha kwa mita 100, yaani rekebisha darubini mpaka risasi ipige pale unapolenga, kizuia sauti kikiwa kimefungwa na kwa risasi zilezile utakazotumia, kwa sababu ukikibandua kizuia sauti pigo linahama. Kliki moja ya kirekebishi cha darubini, ya mili 0.1 (mili ni kipimo cha pembe), huhamisha pigo sentimita 1 kwa umbali huo, hivyo hesabu ni nyepesi. Piga tatu, acha mtutu upoe, piga tatu tena. Risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu uliopoa ndiyo ya kuandika daftarini, kwani usiku ni nadra kupata ya pili.

Hatua ya nne: shambani

Utaratibu una vipengele vitatu, na kimoja kikikosekana hakuna kupiga: mnyama ametambuliwa mwili mzima na si macho tu, nyuma yake kuna udongo wa kuizuia risasi, na unajua walipo watu, mifugo na nyumba. Mnyama aliyesimama juu ya kilele akiwa na anga nyuma yake hapigwi kamwe, maana risasi ikipita husafiri kilomita kadhaa. Tembelea shamba mchana kabla ya usiku wa kazi. Tumia vijiti vya kuegemea vya miguu mitatu, na risasi isiingie kwenye chumba cha risasi mpaka hayo matatu yametimia.

Hatua ya tano: usafi wa usiku uleule

Ukirudi, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chumba cha risasi ni kitupu. Kisha jambo la kwanza, hata kabla ya chai, ni kukibandua kizuia sauti. Gesi ya baruti huacha masizi na mvuke wa maji, mvuke huo hugeuka matone ndani yake, na bunduki ikisimamishwa kabatini matone hushuka hadi kwenye mdomo wa mtutu. Nimewahi kukifungua kimoja asubuhi nikaona tone la rangi ya chai ya rangi likiviringika juu ya hesi za mdomo wa mtutu, na chini yake alama ya kahawia isiyofutika. Kisimamishe penye hewa, mdomo ukitazama chini, hadi kikauke.

Mtutu husafishwa kutoka nyuma kwenda mbele, mdeki (fimbo ya kusafishia) ukiongozwa na bomba lake ili usikwaruze mdomo, ambao ndio unaoamua usahihi. Pitisha kitambaa chenye dawa ya kuyeyusha masizi, subiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kausha, kisha pitisha mafuta mepesi kiasi cha kulowesha tu. Kabla ya kupiga tena yaondoe kwa kitambaa kikavu, kwani risasi ya kwanza kupita kwenye mafuta huenda inakotaka. Wazee wetu walipaka vyombo vyao vya baharini sifa, yaani mafuta ya papa, na kila kitu kingine mafuta ya nazi, na nimeulizwa zaidi ya mara moja kama ya nazi yanafaa. Hayafai: yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo bunduki iliyopakwa hapa pwani inaweza kukwama pini yake kwenye baridi ya huko.

Hatua ya sita: kuhifadhi mahali penye chumvi

Mkoba wa kitambaa ni wa safari tu. Nyumbani, bunduki ikae kabatini ikiwa uchi, imefutwa kwa kitambaa chenye mafuta ili chumvi ya vidole isiachwe juu ya chuma, pamoja na mifuko ya silika jeli, chembechembe za kunyonya unyevu. Ile ya buluu hugeuka waridi inaposhiba maji; ikaushe kwenye jiko la kuokea kwa nyuzi 120 hivi mpaka irudi rangi yake. Mimi hukagua kila Ijumaa wakati wa kusi, na kila wiki mbili wakati wa kaskazi.

Lenzi zina adui mwingine, nao ni kuvu, ambaye hustawi kwenye giza na unyevu. Darubini ya mkononi iweke kwenye mkebe wa plastiki usiopitisha hewa pamoja na silika, si kwenye pochi ya ngozi, na itoe nje kwenye mwanga mara kwa mara. Chumvi ikikauka juu ya lenzi usiifute kwa pembe ya shati: ipulize kwanza, ilegeze kwa maji safi yaliyochujwa, kisha futa kwa kitambaa laini. Betri za lithiamu toa ndani ya kifaa, ziache zikiwa na chaji nusu, na usizisahau kwenye gari lililoegeshwa juani.

Siku ya kuanza msimu, kabla ya kumwambia mkulima kwamba uko tayari, kagua mistari ya rangi kwenye skrubu, kausha mtutu, piga risasi moja kwenye karatasi kwa mita 100, na uilinganishe na ile uliyoiandika daftarini mwaka uliopita.