Miguu ya Bondia Mkongwe: Jinsi ya Kupigana kwa Hatua Chache Baada ya Miaka 35

Bondia anapovuka umri wa miaka 35, ngumi zake kwa kawaida bado huwa na uzito wake, ilhali miguu imeanza kuchelewa. Huliona konde likija, hujua aondokee upande upi, na bado humpata shavuni kwa sababu mguu wa nyuma haukuisukuma sakafu kwa wakati. Mwongozo huu ni wa bondia wa namna hiyo pamoja na kocha wake, hasa wanaofanyia mazoezi katika kumbi za kijamii za Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Kariobangi, ambako mara nyingi hapana nafasi ya kutosha na wengi hufika jioni wakiwa wameshinda kazini kutwa nzima. Hakuna zoezi litakalomrudishia miguu aliyokuwa nayo akiwa na miaka 22. Kinachowezekana ni kuipunguzia kazi miguu aliyobaki nayo.

Kwanza inafaa kuelewa kinachobadilika. Misuli ya mguu ina nyuzi zinazojikaza haraka na nyingine zinazojikaza polepole, na zile za haraka, ambazo ndizo humtoa bondia mahali pamoja hadi pengine kwa ghafla, ndizo hunyauka mapema kadiri umri unavyosonga. Ndiyo maana mtu wa miaka 38 anaweza kuchuchumaa na chuma kilekile alichokibeba begani miaka kumi iliyopita, lakini akiambiwa aruke hainuki kama zamani. Tena kifundo cha mguu hukakamaa, na goti lisipoweza kusogea mbele kupita vidole, bondia huanza kusimama wima bila kujua. Anayesimama wima hawezi kuondoka bila kwanza kukunja magoti, na mpinzani mwenye macho husoma nia yake papo hapo. Kisha kuna moyo: kiwango cha juu cha mapigo yake hushuka na umri, na ile dakika moja ya kupumzika kati ya raundi haitoshi tena kulipa deni la dakika tatu za kurukaruka. Hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, deni hilo huwa zito zaidi.

Historia ya ndondi ina mifano ya kila namna. Muhammad Ali alipokutana na George Foreman mjini Kinshasa, Oktoba 1974, alikuwa na miaka 32 na tayari alikuwa amepoteza zaidi ya miaka mitatu nje ya ulingo; badala ya kucheza kama zamani aliegemea kamba, akamwacha Foreman ajichoshe, akamwangusha katika raundi ya 8. Miaka sita baadaye, akiwa na miaka 38, hakuwa na miguu wala wepesi wa kumkwepa Larry Holmes, na makocha waliokuwa konani mwake wakasimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Roy Jones, aliyeutegemea wepesi wake kiasi cha kuishusha mikono makusudi, aliangushwa na Antonio Tarver katika raundi ya 2 mwezi Mei 2004, akiwa na miaka 35. Foreman naye alirejea na kumwangusha Michael Moorer mwaka 1994 akiwa na miaka 45, karibu bila kutembea, lakini nisingemshauri mtu amwige: alikuwa akishindwa kwa alama hadi raundi ya 10, na wachache wana kidevu au konde la kuwaokoa kama yeye. Wa kuigwa ni Bernard Hopkins, aliyemshinda Jean Pascal mjini Montreal mwezi Mei 2011 akiwa na miaka 46. Hopkins hakukimbia wala kurukaruka. Alikwenda kwa nusu hatua, akauweka mguu wake wa mbele pale mpinzani alipotaka kukanyaga, na nafasi ilipokwisha akamkumbatia.

Anza kwa kuhesabu. Iweke simu chini, pembeni mwa ulingo, ili ionyeshe miguu, kisha rekodi raundi tatu za mazoezi dhidi ya mwenzako. Unapoitazama video, izime sauti, na uhesabu kila hatua ambayo haikufuatwa na konde, haikukwepesha konde, wala haikubadilisha pembe uliyosimama. Wengi hushangaa kuona hatua hizo za bure zilivyo nyingi, hasa katika raundi ya kwanza ambapo mwili bado una furaha. Halafu itazame raundi ya tatu peke yake. Ukiona miguu imekaribiana, au mmoja unavuka mbele ya mwingine unapokwenda kando, au kisigino cha nyuma kimelala sakafuni, hapo ndipo utakapoangushwa, na mara nyingi huwa kwa konde ambalo lisingekutikisa kama ungekuwa umesimama vizuri.

Zoezi la msingi linahitaji chaki tu. Chora sakafuni msalaba ambao kila mkono wake una urefu wa hatua yako moja, simama katikati kwa mkao wako wa kawaida, kisha pigana na kivuli raundi nzima bila mguu wowote kutoka nje ya ncha za msalaba huo. Mguu ulio karibu na unakokwenda ndio utangulie. Mwingine uufuate kwa umbali uleule, kiasi kwamba upana kati ya miguu haubadiliki. Kocha asimame nyuma, si mbele, kwa sababu akiwa mbele atavutiwa na mikono. Raundi ya pili, ongeza kujigeuza: uzito uhamie kwenye mguu wa mbele, kisigino chake kiinuke kidogo tu, kiasi cha kupitisha karatasi, kisha nyonga igeuke na mguu wa nyuma uzunguke hadi umeacha mstari wa mpinzani kwa nusu ya pembe mraba. Kisigino kikibaki chini huku kiatu kimeng'ang'ania saruji, mzunguko wote huingia gotini, na goti la mtu wa miaka 40 halisahau. Ukisikia maumivu upande wa ndani wa goti, acha kujigeuza siku hiyo na ufanye hatua za kando peke yake.

Baada ya wiki kadhaa peleka zoezi hilo kwa mwenzako, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kijana huona konde ndipo aondoke. Mkongwe anapaswa kuwa ameshaondoka. Hilo linawezekana ikiwa ni yeye anayeamua mapigano yafanyike umbali gani, na chombo chake kikuu ni konde la mkono wa mbele. Lirushe huku mguu wa mbele ukitua wakati mmoja nalo, kisha, kabla mpinzani hajajibu, ondoka nusu hatua upande wa nje wa mguu wake wa mbele. Usirudi nyuma kwa mstari ulionyooka zaidi ya mara moja mfululizo: kijana anayekufuata ana miguu ya kufika kabla yako. Ukiishiwa na umbali, ingia badala ya kutoka, weka paji la uso karibu na bega lake, bana mikono yake na umgeuze polepole, ili mwamuzi asije akawatenganisha wewe ukiwa umeipa kamba mgongo. Mashabiki wetu hupenda bondia anayecheza, na hawatasita kukuzomea kwa kukumbatia. Waache wazomee.

Mazoezi ya mwili yabadilike pia. Mbio za alfajiri kandokando ya Barabara ya Jogoo huchosha viungo zaidi ya kuvijenga. Mara mbili kwa wiki kimbia kwenye udongo, msitu wa Karura ukiwa mfano mzuri kwa anayeweza kulipia kiingilio, na siku nyingine kwea ngazi au mlima mfupi kwa kasi kisha ushuke ukitembea. Kuruka kamba kubaki, lakini kwa vipindi vifupi na kimo kidogo. Inua visigino ukisimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, ushuke taratibu, ili kuimarisha kano ya kisigino na shavu la mguu. Katika baridi ya Julai usivae glavu kabla ya kupasha mwili joto kwa robo saa au zaidi. Mapigano ya mazoezi yenye nguvu yasizidi siku moja kwa wiki, na siku inayofuata iwe ya mapumziko ya kweli, jambo ambalo ni gumu kwa anayelala saa tano usiku na kuingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, lakini halina njia ya mkato.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kuchanganywa na uzee. Miguu inayochelewa ulingoni tu mara nyingi ni ya umri. Miguu inayoyumba hata barabarani, ikiambatana na ulimi mzito, kusahau mambo ya jana, mikono kutetemeka au hasira isiyo na sababu, inaweza kuwa dalili ya madhara ya ubongo yanayotokana na makonde ya miaka mingi, na hakuna zoezi la chaki linaloitibu. Kila mwezi, kabla ya mazoezi na si baada yake, wewe kocha mwambie bondia atembee kwenye mstari akigusisha kisigino na vidole, kisha asimame kwa mguu mmoja akiwa amefumba macho huku wewe ukiwa karibu kumdaka, na uandike amestahimili sekunde ngapi. Zikishuka kwa dhahiri ukilinganisha na miezi iliyotangulia, apelekwe kwa daktari wa ubongo na neva, na asipigwe kichwani tena, hata kwa mzaha, mpaka daktari atoe majibu.