SOMO: Kulinganisha kadi za michoro za 1996 hadi 1999 bila kudanganywa na idadi ya MB

Wakuu, tukigusa tu kompyuta za zamani, mjadala haukawii kufika kwenye kadi ya michoro, ile inayotengeneza picha ya skrini, na memori yake: "yako ina MB ngapi?" Mwenye 32 anamcheka mwenye 4, na hapo mambo yamekwisha. Kwa kadi za enzi ya Windows 95 na 98 swali hilo linapotosha sana. Ipo kadi ya MB 32 ya mwaka 1999 ambayo njia yake ya memori ni nyembamba kuliko ya kadi ya MB 4 ya mwaka 1997, na chipu za zote mbili ni za kampuni moja, NVIDIA. Hesabu yake iko hatua ya 3. Shika kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: Soma chipu, achana na jina la boksi

Wakati ule aliyetengeneza chipu na aliyeuza kadi mara nyingi walikuwa watu wawili tofauti. Diamond Monster 3D na Orchid Righteous 3D zina majina tofauti na maboksi tofauti, lakini ndani zote ni Voodoo Graphics ya 3dfx, kampuni ya California, chipu ya mwaka 1996. Kwa hiyo geuza kadi, futa vumbi, soma maandishi juu ya chipu kubwa.

Ukishaijua chipu, uliza: inachora 3D peke yake, au na 2D pia? Voodoo Graphics na Voodoo2 ya 1998 hazichori Windows hata kidogo. Zinakaa pembeni ya kadi yako ya kawaida, waya mfupi wa VGA unatoka kadi ya kwanza kwenda ya pili, na monita inachomekwa kwenye Voodoo. Gemu likianza, Voodoo inashika skrini, likifungwa, inaachia. S3 ViRGE, Matrox Mystique, ATI Rage, RIVA 128, RIVA TNT na Voodoo3 zinafanya kazi zote mbili zenyewe.

ViRGE ilikuwa kila mahali kwa sababu ya bei. Kwa 2D haina ubaya. Kwa 3D watu waliitania kuwa ni kipunguza mwendo, na hawakumwonea mtu: ukiwasha ulainishaji wa picha, kuna magemu yaliyokwenda haraka zaidi yakichorwa na prosesa tupu.

Hatua ya 2: Gawanya memori kwa matumizi yake

Hii ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka, na ndiyo inayojibu maswali mengi kuliko zote.

Memori ya kadi ya 3D inabeba vitu viwili. Kwanza ni fremu: inayoonekana kwenye skrini sasa hivi, inayochorwa nyuma yake, pamoja na bafa ya kina, ile inayokumbuka kitu gani kiko mbele ya kipi. Pili ni tekscha, yaani picha zinazobandikwa juu ya kuta, sakafu na nyuso za wahusika.

Rangi za biti 16 zinakula baiti 2 kwa kila pikseli. Kwa skrini ya 640×480:

640 × 480 × 2 × 3 = baiti 1,843,200

Hiyo ni chini kidogo ya MB 2. Voodoo Graphics ya MB 4 imegawanywa nusu kwa nusu: MB 2 za fremu, MB 2 za tekscha. Fremu zimeingia na nafasi imebaki. Sasa jaribu 800×600:

800 × 600 × 2 × 3 = baiti 2,880,000

Hazitoshi. Ndiyo maana Voodoo ya kwanza, ukitumia bafa ya kina, inakomea 640×480. Ni ukubwa wa chumba tu. Huwezi kuomba nafasi upande wa tekscha, kwa sababu memori zile mbili zimefungwa kwenye chipu mbili tofauti na hazikopeshani.

Voodoo2 ilipewa MB 4 za fremu. 800×600 inaingia vizuri. 1024×768 inahitaji baiti 4,718,592, imezidi MB 4. Ukiunganisha Voodoo2 mbili kwa mtindo wa SLI, kila kadi inachora mstari mmoja na kumwachia mwenzake unaofuata, hivyo kila moja inabeba nusu ya fremu, na 1024×768 inapatikana.

Hapo hapo ndipo MB za boksi zinapoanza kudanganya. Voodoo2 ya MB 12 ina vitengo viwili vya tekscha, kila kimoja na MB 4 zake, na hakuna kinachoweza kusoma za mwenzake. Ukiweka kadi mbili kwa SLI una MB 24 kwa hesabu ya dukani, ila tekscha zinabidi zinakiliwe kwenye kadi zote mbili, kwa sababu kila kadi inachora mistari ya picha ileile. Umeongeza kasi na ukubwa wa skrini. Nafasi ya tekscha haijaongezeka hata baiti moja.

Kadi zenye memori ya pamoja, kama RIVA TNT ya MB 16, zinajigawia zenyewe. Kwa 1024×768 ya biti 32 fremu zinakula baiti 9,437,184, yaani MB 9 kamili, na zinabaki MB 7 za tekscha.

Intel i740 ya 1998 ilikuja na wazo jingine kabisa: tekscha zote zikae kwenye RAM ya kompyuta, zisomwe kupitia AGP, sloti ya kadi za michoro kwenye madabodi. Bei ilishuka, ila AGP 2x inapitisha kama MB 533 kwa sekunde tu. Linganisha na namba za hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Pima upana wa njia ya memori

Njia hii ndiyo inayopitisha data kati ya chipu na memori. Chukua biti za njia, gawa kwa 8, zidisha kwa kasi ya memori, unapata data inayopita kwa sekunde.

RIVA 128 (1997, MB 4): biti 128, MHz 100 = GB 1.6 kwa sekunde
TNT2 ya kawaida (1999): biti 128, MHz 150 = GB 2.4
TNT2 M64 (1999, nyingi zina MB 32): biti 64, hata kwa MHz 150 = GB 1.2

Ndiyo hiyo niliyoitaja mwanzoni. M64 ina memori mara nane ya RIVA 128, lakini inainywa kwa mrija mwembamba zaidi. Chipu yake ni ya kisasa zaidi na picha zake ni safi zaidi, hilo halina ubishi, ila ukiipandishia skrini na biti 32 inachoka upesi. Jina "TNT2" kwenye boksi liliwauzia watu wengi kitu nusu.

Voodoo2 inabidi uihesabie njia zake tatu, moja ya fremu na mbili za tekscha, kila moja biti 64 kwa MHz 90. Jumla ni GB 2.16. Sio ajabu ilisumbua wengi mwaka ule.

Hatua ya 4: Kasi ya kujaza pikseli

Voodoo Graphics inachora pikseli milioni 50 kwa sekunde. Gawa kwa 307,200, ambazo ni pikseli za 640×480, unapata skrini kama 162. Usishangilie bado. Magemu kama Quake II yanapaka ukuta mara mbili, tekscha kwanza halafu mwanga juu yake. Tuchukulie pia kwamba kila pikseli inafunikwa na nyingine mara moja. 162 inagawanywa kwa 4, inabaki 40.

Voodoo2 ina MHz 90, yaani pikseli milioni 90 kwa sekunde, na vile vitengo viwili vinabandika tekscha na mwanga kwa mpigo mmoja. 90 milioni kwa 307,200 ni 293, gawa kwa 2 tu: kama 146. Kwenye karatasi imezidi mara 3.6. Banshee, kadi nyingine ya 3dfx ya 1998, ina MHz 100 lakini kitengo kimoja, kwa hiyo kwenye Quake II inashindwa na Voodoo2 wakati kwenye gemu la tekscha moja inaipita.

Hatua ya 5: Gemu linaongea lugha gani?

Gemu huiagiza kadi ichore kwa kutumia Glide, Direct3D au OpenGL. Glide ni ya 3dfx peke yake. Kama gemu unalolipenda lina Glide tu, mjadala umefungwa, TNT haikusaidii. Direct3D na OpenGL ziko kwa wengi, ubora wa draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ndio uliotofautiana. Upande wa pili, Voodoo3 haichori 3D kwa biti 32 na tekscha zake zinakomea 256×256. TNT inachora biti 32, ila kwa kupoteza kasi.

Hatua ya 6: Sasa pima

Madabodi moja, prosesa moja, Windows 98 ileile, badilisha kadi tu. Ondoa draiva za zamani kabla ya kuweka mpya. Zima kusubiri skrini (vsync), yaani kadi kungoja monita kabla ya kuonyesha fremu mpya. Ukiona matokeo yamegoma karibu na 60 kila mara, ujue hukuizima. Kwenye GLQuake, gemu la Quake la OpenGL, fungua konsoli, andika timedemo demo1. Matokeo ya mara ya kwanza yatupe, diski bado inapakia.

Kisha panda kutoka 640×480 kwenda 800×600. Pikseli zimeongezeka mara 1.56. Kama kadi ndiyo inayobana, fremu zitashuka hadi karibu asilimia 64. Kama namba haikutikisika, umepima prosesa yako na wala hukupima kadi. Voodoo2 kwenye Pentium 200 itakuonyesha hivyo mara nyingi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina Voodoo3 3000 ya AGP, naweza kuiweka kwenye madabodi ya Pentium 4?
Hapana, kaka. Voodoo3 inatumia volti 3.3, na madabodi nyingi za Pentium 4 zinakubali 1.5 tu. Kidole kwenye sloti kimewekwa makusudi kuizuia. Usikate kadi wala sloti, utaunguza madabodi. Tafuta ya sloti ya PCI, zilitengenezwa.

Tangu niweke Voodoo2, maandishi ya Windows yamekuwa na ukungu. Kadi imekufa?
Haijafa. Picha ya Windows sasa inapita kwenye ule waya na ndani ya Voodoo kabla ya kufika kwenye monita, na ni analogi, kwa hiyo inapungua ukali. Tafuta waya mfupi wenye kinga nzuri, na punguza kasi ya kuburudisha skrini. Ukungu utapungua, ila kuisha kabisa usitegemee.

GeForce 256 mbona hukuitaja?
Ilitoka Oktoba 1999 na inabadilisha mchezo, dada. Inabeba hesabu za kugeuza maumbo na mwanga ambazo awali zilikuwa za prosesa, kwa hiyo kipimo changu cha hatua ya 6 hakitoshi kwake. Ila hatua ya 3 bado inaikamata: ya memori ya SDR ina GB 2.66, ya DDR ina 4.8, chipu ileile. Ukiipata, uliza ni ipi kabla ya kutoa hela.

Sina kadi hata moja. Naweza kufanya somo hili kwa 86Box, ile programu inayoiga kompyuta za zamani?
Hatua ya 1 hadi ya 5 ndiyo, na utaona hata mipaka ya skrini ya Voodoo ikitokea kama tulivyoihesabu. Hatua ya 6 usiifanye humo. Kasi utakayoona inategemea kompyuta yako ya leo, haikuambii lolote kuhusu ya 1998.