Jinsi ya kunoa patasi na kisu cha randa kwa ngozi, bila kukimbilia grainda kila saa

Mafundi wenzangu habari za kazi. Leo tuongee ngozi. Wengi wetu patasi ikianza kugoma tunakimbilia grainda, cheche zinaruka, dakika mbili tu imerudi kukata, tunaona mambo safi, kumbe kila ukiipeleka pale chuma kinaliwa, na ikipata moto mpaka ncha ikageuka bluu basi pale chuma kimelainika, hata unoe vipi haikai na makali mpaka hicho kipande cha bluu ukisage chote kiishe. Patasi yangu ya nusu inchi iliisha hivyo, nilikuwa naipenda sana ile patasi, na nikikumbuka vizuri mara nyingi haikuwa butu kabisa, ilikuwa imechoka kidogo tu na ngozi ingetosha.

Kwanza uelewe ngozi inafanya nini. Ukimaliza kunoa kwenye jiwe, kwenye ncha kabisa kunabaki kama uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande mmoja. Huuoni vizuri, ila pitisha kidole taratibu toka mgongoni (ule upande bapa wa patasi) kwenda nje utausikia unakwaruza. Ukiuacha, ukigonga patasi mara mbili tatu unakatika na unaondoka na makali yako. Ngozi inautoa huo uzi na inaing'arisha ncha. Vinyozi wa zamani wale wa wembe wa kukunja walikuwa wanafanya hivi hivi kwenye mkanda, ila wao mkanda unaning'inia, sisi tunaubandika kwenye ubao kwa sababu patasi inataka kitu kisichobonyea.

Hatua ya kwanza, ngozi yenyewe. Nenda kwa fundi viatu muulize vipande vinavyobaki, au chukua mkanda wa kiunoni wa zamani, lakini iwe ngozi ya ng'ombe kweli, sio ile ya plastiki inayobabuka. Unene milimita 2 mpaka 3 inatosha, na iwe ngumu. Hapa usinibishie, maana mimi ubao wa kwanza niliotengeneza nilibandika ngozi nene laini nikijua nene ndio nzuri, nikawa nang'arisha wiki nzima na patasi inazidi kugoma, kumbe ngozi laini inabonyea unapokandamiza halafu inapanda mbele ya ncha, inayazungusha makali badala ya kuyanyoosha. Patasi inang'aa kama kioo na haikati kitu.

Hatua ya pili ubao. Kata kama sentimita 30 kwa 7, upige randa unyooke kabisa, hata kipande cha MDF (ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) kinafaa maana kimenyooka tayari. Paka gundi nyembamba, ile ya maji ya mbao au ya viatu zote sawa, bandika ngozi upande wa nyama ukiwa juu (ule wenye vinyweleo vinyweleo, unashika vizuri dawa ya kung'arishia tutakayopaka), weka ubao mwingine juu yake, bana na klampi na uache mpaka kesho. Upande laini nao unafanya kazi ila dawa inateleza, inabidi uukwaruze na msasa kidogo kwanza.

Dawa sasa. Ile nzuri ni ya kijani, inauzwa kipande kama sabuni kwenye maduka ya vifaa vya ufundi, wanaitumia wale wa kung'arisha chuma. Unaisugua kwenye ngozi kavu kama unachora na chaki, nyembamba tu, ngozi ionekane bado. Ukiweka nyingi inafanya mabonge na patasi inapanda juu ya mabonge. Ukikosa ya kijani, polishi ya chuma ya tyubu ile vijana wa bodaboda wanang'arishia rimu inafaa pia, paka kidogo uiache ikauke.

Kabla hujagusa ngozi iangalie patasi. Ishike kwenye mwanga ncha ikikutazama: ukiona kistari cheupe kinang'aa pale kwenye ncha, au kipengo, hiyo ngozi haiiwezi, rudi kwenye jiwe au msasa wa maji juu ya kioo, noa mpaka ule uzi uusikie upana wote wa patasi, ndio uje huku. Makali mazuri hayaonekani, hakuna kistari chochote.

Haya, kazi yenyewe. Bana ubao wako kwenye meza usitembee. Laza upande wa mshazari (ule ulioteremka kuelekea ncha) kwenye ngozi, wengi patasi zetu ni digrii 25 mpaka 30, usipime na kitu, we bonyeza kwa kidole nyuma ya ncha mpaka usikie mshazari wote umekaa. Halafu VUTA kuja kwako, ncha ikiwa nyuma inaburuzwa. Kamwe usisukume mbele, utaikata ngozi na kazi yote ya jana imeenda. Ukifika mwisho simama kwanza, ndio unyanyue patasi juu moja kwa moja. Hapa ndipo karibu kila mtu anaharibu: anavuta vizuri halafu akikaribia mwisho mkono unapanda wenyewe, ile sekunde moja ya kupanda ndio inazungusha ncha. Kwa hiyo funga kiwiko ubavuni na uvute kwa mwili, sio kwa kifundo cha mkono. Nguvu ya kawaida tu, uzito wa patasi na kidole kidogo.

Vuta mara 10 hivi, kisha geuza, mgongo ulale bapa KABISA juu ya ngozi, vuta mara 3 au 4. Mgongo usiuinue hata kidogo, mgongo ukishazunguka patasi haiwezi tena kukata ikiwa imelala kwenye mbao. Rudia kidogo kidogo mpaka uzi usiusikie upande wowote. Utaona ngozi inageuka nyeusi, hicho ni chuma, ujue dawa inafanya kazi.

Kisu cha randa ni vile vile, ila kwa sababu ni kipana mimi nakiweka hanamu kidogo kwenye ubao ili kikae chote.

Kupima, watu wananyoa vinyweleo vya mkono, sawa, ila mimi siamini sana. Chukua kipande cha paini, kata pale kwenye kichwa cha mbao (nyuzi zinapoishia) kwa mkono bila nyundo. Paini ni laini kwa hiyo patasi butu inaiponda na kuing'oa nyuzi, patasi kali inaacha uso laini unaong'aa. Mbao ngumu inaweza kukudanganya, laini haidanganyi.

Ukishazoea iweke hiyo ngozi karibu na mkono, usisubiri patasi ife. Nikichonga mninga napitisha kila nikisikia sauti ya patasi imebadilika au natumia nguvu zaidi, ni nusu dakika tu. Mvule unataka mara nyingi zaidi maana una vijiwe ndani ya mbao, unaweza kukuta kipengo kabisa. Ikifika patasi umeipitisha mara tano sita na haishiki tena vizuri, rudi kwenye jiwe laini kidogo halafu ngozi tena.

Kwa wachongaji wa nakshi wenye bobari (patasi yenye ncha iliyopinda kama mfereji), ubao bapa haukusaidii. Chukua kipande cha mbao laini, chonga mfereji kwa hiyo hiyo bobari, paka dawa ndani ya mfereji: umepata umbo kamili la nje ya bobari yako, na kwa ndani zungushia ngozi nyembamba kwenye kijiti cha mviringo. Kila bobari na mfereji wake, andika namba pembeni usichanganye.

Na ngozi ifunike na kitambaa ukimaliza, hasa kama kuna mtu anapiga msasa wa mashine karibu. Chembe moja ya msasa ikiingia humo kila patasi utakayopitisha inatoka na mchirizi, na kuitoa ni kukwangua dawa yote kwa mgongo wa kisu na kupaka upya.