Kabla ya kushuka pwani kuokota kombe na chaza
Bamvua likiingia, maji yakapwa mbali, ufuko wa Mikindani, Mtwara, hujaa akina mama na watoto wenye ndoo, wanaokota kombe na kubandua chaza miambani. Kitoweo hicho nakipenda. Ndiyo maana naomba mambo haya yapimwe mkiwa bado nyumbani.

Kwanza maji. Yakiwa yamegeuka mekundu au ya kahawia siku hizi mbili tatu, au samaki wanaelea wafu, pikeni mbaazi. Maji maangavu nayo si kibali: mwani wenye sumu hauonekani kwa macho, na unaweza kutoweka huku sumu yake ikibaki ndani ya nyama.

Mtazame kombe kwenye beseni la maji ya bahari. Anafumbua kidogo, anachomoza mrija, anavuta maji na kuchuja chakula chake humo. Akila mwani wa jamii ya Alexandrium hujilimbikizia saksitoksini, sumu inayoziba njia za sodiamu kwenye neva, hata misuli ya kupumua ikaweza kupooza. Mara nyingi yeye haonekani kudhurika: harufu ile ile, ukimgusa anafumba. Anayeumia ni mlaji wake. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, wala ndimu. Mwaka 1987 huko Kanada, kome wa Kisiwa cha Prince Edward walibeba asidi ya domoiki iliyotokana na mwani mwingine. Watu zaidi ya 100 waliugua, 3 wakafa, na baadhi ya walionusurika walipoteza kumbukumbu.

Samaki wa mwambani pia. Kangaja hula mwani unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa, na humo huweza kujificha Gambierdiscus, kijimea kidogo sana chenye sumu. Chewa, mzia na mkunga humla kangaja, sumu ikazidi kila hatua. Chewa mkubwa kupindukia mimi simnunui, na maini ya hao watatu siwapi watoto.

Simu iwe na chaji, na namba ya bodaboda apatikanaye usiku. Midomo na ulimi vikianza kufa ganzi, dakika 30 au saa chache baada ya kula, msingoje kukuche wala msipoteze muda kunywesha maziwa. Saksitoksini haina dawa ya kuitengua. Kinachookoa ni kusaidiwa kupumua mpaka imtoke mgonjwa, na hilo ni kazi ya hospitali, ile ya Ligula kwa walio Mtwara mjini. Mabaki ya chakula yafungeni mwende nayo, mkaeleze kombe waliokotwa wapi na kuliwa saa ngapi.