Kuomba koneksheni kwa mtu mliyeonana mara moja

Mimi ni mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja hapa Tanga. Kila ikisikika habari ya mradi mpya, simu yangu hujaa: "Dada shikamoo, naomba koneksheni." Basi. Hakuna jina wala fani. Mtu mwenyewe pengine tulikaa meza moja kwenye harusi Chumbageni. Simnunii, ila sina la kumfanyia.

Jua kwanza unaomba nini. Mtu asiyekujua hawezi kukudhamini. Akisema "kijana huyu mwaminifu, namfahamu" anadanganya, na siku ukikamatwa na madumu ya dizeli, jina linalochafuka ni lake. Lakini anaweza kukuambia maombi yanapokelewa na nani, au wanataka cheti gani. Anaweza hata kuifikisha sivii yako kwa mhusika na kusema wazi, "Kaniletea, simjui sana, itazame." Omba kimoja tu kati ya hivyo. Na usidharau watu wa mbali: wenzako wa kijiweni wanajua yale yale unayoyajua wewe.

Kazi za serikali na mashirika yake, bandari ikiwemo, zinapitia Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Huko usimsumbue mtu, jaza taarifa zako mapema. Wa kuwafuata ni watu binafsi: mawakala wa forodha, wenye malori, viwanda vya saruji, na wakandarasi wadogo wanaopata vibarua kule Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda. Hawa wadogo mara nyingi hawatangazi, wanaulizana tu.

Ujumbe wenyewe uwe hivi:

"Shikamoo kaka. Mimi ni (jina kamili), fundi umeme. Tulikutana msibani Barabara ya Kumi na Mbili, tukabeba viti pamoja. Nimesikia ofisini kwenu mnaongeza mafundi. Nina cheti cha VETA na leseni ya EWURA. Naomba kujua tu, maombi yanapelekwa kwa nani? Kama nafasi hamna, si neno, nashukuru."

Tazama ile "si neno". Imemfungulia mlango wa kukataa bila kuona haya, na sisi watu wa Pwani kuona haya ndiko kunatufanya tukae kimya badala ya kujibu. Viti navyo vina kazi yake: bila hivyo atakuwa anajiuliza huyu ni nani hadi jioni.

Usitume "Mambo" ukangoja ajibu. Usitume sauti ya dakika nne, mtu yuko kazini. Ijumaa mchana muache aende msikitini. Na maneno kama "nifanyie mpango" au "sitakusahau" yaache kabisa, hata kama huna nia mbaya. Kila mtu anajua yanamaanisha bahasha, na mwenye akili zake atakukimbia.

Sivii usiibandike kwenye ujumbe wa kwanza. Akiitaka, itume kwa PDF, na faili liwe na jina lako na fani yako. Mimi hupokea mafaili yameandikwa "CV mpya ya mwisho 3", mengine yana jina la mtu mwingine kabisa, mteja wa steshenari aliyechapiwa kabla. Namba ya simu ihakikishe inapatikana. Naona aibu kuisema hii, lakini inabidi.

Akikaa kimya, ngoja kama wiki, mkumbushe mara moja, kisha mwache. Mkikutana Ngamiani msalimie kama kawaida, usimdai jibu mbele ya watu.

Akikuelekeza, mpe mrejesho hata kama umekosa: "Nimepeleka, wamesema nisubiri." Wengi wakishapata namba hupotea, wale wachache wanaorudi kusema ndio ninaowakumbuka nafasi nyingine ikitokea. Na ukiitwa kwenye usaili, mwambie kabla hujaenda. Bosi anaweza kumuuliza habari zako pale pale koridoni, na yeye hajui hata kama umeitwa.