Kiwambo Kilichopasuka: Kitambue Kabla ya Kutia Mrija Kifuani

Mkwezi akianguka mnazini Kisauni, au mwendesha boda akigongwa na lori Changamwe, sote hukimbilia kuchunguza ini na bandama. Kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, husahaulika. Kikipasuka, mfuko wa chakula na utumbo hupanda kifuani, na huenda nje usione hata mchubuko. Madaktari wenzangu mnaoanza zamu za dharura, fuateni hivi.

Hatua ya 1. Njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu. Hapo hakuna njia ya mkato.

Hatua ya 2. Ultrasaundi pale pale kitandani. Tafuta damu kati ya ini na figo ya kulia, kati ya bandama na figo ya kushoto, kwenye nyonga, na kuuzunguka moyo. Damu ikiwepo tumboni na presha inazidi kushuka licha ya kuongezewa damu, mgonjwa aende thieta, si kwenye CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande). Ultrasaundi ikiwa safi, bado kiwambo hakijathibitishwa kuwa kizima.

Hatua ya 3. Eksirei ya kifua. Hapa usiharakishe hata kidogo. Kiwambo hupasuka zaidi kushoto, kwani kulia kinakingwa na ini. Ukiona kivuli cha hewa chini ya pafu la kushoto na moyo umesukumwa kulia, usiseme upesi kwamba ni hewa iliyovuja kifuani. Mrija wa kifua, ule wa kutolea hewa hiyo, ukichomwa kwa pupa unaweza kutoboa mfuko wa chakula. Pitisha taratibu mrija wa puani, ule uendao kwenye mfuko wa chakula, usiulazimishe, kisha piga picha tena: ncha ikijikunja kifuani, jibu umelipata. Kama mrija wa kifua hauepukiki, pasua na upapase kwa kidole kwanza. Na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia apigwe picha nyingine akishatolewa, kwa sababu mashine husukuma viungo chini na kuficha tundu.

Hatua ya 4. Akiwa ametulia, CT yenye dawa inayodungwa mshipani ili picha ionekane wazi. Omba picha za mbele na za ubavuni. Mfuko wa chakula huonekana umebanwa katikati kama gunia lililofungwa kamba.

Hatua ya 5. Upasuaji. Tundu halizibi lenyewe, maana kila pumzi huvuta viungo juu. Jeraha likiwa bichi, ingia kwa tumboni, kwa kuwa mara nyingi kuna kiungo kingine kilichoumia. Shusha viungo polepole, kagua kama utumbo una uhai, shona kwa uzi usioyeyuka, acha mrija kifuani.

Kwenye karatasi ya kuruhusiwa ya kila aliyeumia hivyo, hata ambaye hakupasuliwa, andika: akitapika au akikosa pumzi baada ya kula, hata miezi ikipita, arudi apigwe eksirei ya kifua.